Mlinzi wa Mirija

Jumatano, 6 Aprili 2005

Daftari hii ilikuwa ya dada yangu Jerono, ya hesabu. Alijaza kurasa chache, akakosa zote, akahamia ingine. Zilizobaki nimechukua mimi. Anayesoma bila kuniuliza, mguu wake nao uvunjike pale pale wangu ulipovunjikia.

Jina ni Kimeli Ndiema wa Saboti. Shule niliacha kidato cha pili. Watu wanasema ni karo, mimi nasema walimu waliishiwa na vitu vya kunifunza. Kazi ni bodaboda ya baiskeli, Saboti mpaka Chwele, na kutoka huku mpaka Bungoma mjini hakuna kijana anashuka mteremko na mzigo kama mimi. Hata siku niliyoanguka nilianguka vizuri. Mzigo ulikuwa mtungi wa chang'aa, ile pombe kali anayouza Mbogo. Mtungi haukupasuka. Mguu ndio ulipasuka.

Hospitali kule Kitale walinifunga plasta kutoka vidole mpaka juu ya goti, wakasema nitakaa nayo wiki kumi. Mama akasema, "Mungu ni mwema." Hakuwa anaongea juu ya kupona.

Maana mama yangu Linah ndiye mwenyekiti wa Kina Mama wa Alhamisi, wale wanaopigana na pombe. Sasa fikiria mwenyekiti analetewa kijana wake juu ya mkokoteni, ananuka chang'aa kutoka shati mpaka soksi. Na hata sikuwa nimekunywa, ilinimwagikia tu. Nani ataamini?

Amehamisha kitanda changu sebuleni. Ati anione.

Alhamisi, 7 Aprili

Nimegundua sebuleni ndipo hao kina mama wanakutana.

Walikuja karibu ishirini, gumbuti zimejaa matope, wakaomba, wakaimba, halafu Mama Wacera akasimama. Huyu ndiye mwandishi wao, mwenye duka pale stejini. Wazazi wake walikuja huku kutoka Nyeri wakati wa kugawa mashamba. Bwana yake aliuawa na pombe na tangu siku hiyo sijaona meno yake.

Akaniangalia. "Mama Kimeli, huyu naye atatoka?"

"Atatoka na mguu gani?"

"Basi tumfunike."

Wakanitupia kitambaa cha meza kichwani kama redio. Mimi, mtu mzima. Nikakaa hapo chini nikiangalia maua ya kushona.

Lakini masikio hawakufunika. Shida yao ni kwamba mvua imekuja, mahindi yanataka kupandwa, na wazee saa nne asubuhi wameshazunguka chungu cha busaa, pombe ya nafaka, kwa Nakhungu, kila mmoja na mrija wake. Nakhungu ni mjane, nyumba yake iko karibu na njia panda. Kumwaga pombe ya mjane wanaona vibaya, watoto wake watakula nini. Ndipo mama akasema, "Chungu tutakiacha. Tutachukua mirija. Chungu bila mrija ni uji tu."

Nilicheka chini ya kitambaa mpaka plasta ikaniwasha. Lakini lazima niseme, ni akili. Mwanaume aliyepewa mrija hanywi busaa kwa kikombe, kikombe ni cha vijana kama sisi. Na hawezi kuazima wa mwenzake. Hapa kwetu wanasema ukivuta kwa mrija wa mtu aliye hai, unavuta siku zake. Kwa hivyo mzee bila mrija ni kama ng'ombe amefungwa mdomo katikati ya nyasi.

Wakaweka sheria. Kila mama ataleta mrija wa bwana yake kwa mkono wake mwenyewe. Na mrija ukitoka, mama wa nyumba iliyoutoa aache kiti chake kwenye chama.

Ijumaa, 8 Aprili

Mama ameanza na baba. Baba yangu Ndiema ni mtu wa maneno machache, unaweza kukaa naye siku nzima na ukapata sentensi mbili na kikohozi. Mrija wake ulikuwa wa babu yake, una pete za waya mwekundu, mrefu kushinda mlango. Unakaa juu ya dari.

Mama alipanda kiti akautoa. Baba alikuwa anakunywa chai. Aliangalia mrija, akaangalia mama, akamaliza chai.

"Hata wewe," akasema.

"Nikianza na wengine watasema nini?"

Akachukua jembe akaenda shamba. Jerono akaninong'oneza ati baba analia. Baba halii. Ilikuwa mvua.

Jumapili, 10 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 14 Aprili

Leo mirija imeletwa. Mingine ina shanga, mingine imechomwa alama kwa moto, mingine imekuwa myeusi kwa mikono ya watu waliokufa zamani. Swali likawa itawekwa wapi. Kanisani pasta ni muoga. Kwa Wacera ni stejini, wezi.

Mama akaniangalia. "Kuna mtu hapa hatoki asubuhi wala jioni."

Kwa hivyo mirija yote ya Saboti imelala chini ya kitanda changu, imefungwa kwa kamba. Mimi ndiye askari jela. Pia ndiye mfungwa, lakini hiyo tusiandike sana.

Jumanne, 19 Aprili

Kazi ya uaskari ni tamu. Wazee wanakuja dirishani mama akiwa shamba. Mmoja alileta muwa. Mwingine alileta kuku mzima, nikamwambia afisa wa serikali hali rushwa, akarudi na kuku wake akinitukana kiSabaot.

Anayenifurahisha ni mzee Kwemoi, jirani yetu wa juu. Yeye haombi kama wengine. Anainama dirishani na kofia yake ya sufu, anauliza, "Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Niko poa, mzee."

"Si wewe. Yule wa chini ya kitanda."

Namwambia amelala vizuri, amekula, anakusalimia. Anataka nimwonyeshe tu. Nauvuta, wake una shanga za bluu karibu na mdomo, namwonyesha ncha, naurudisha. Anacheka mpaka anashika ukuta.

Jumamosi, 23 Aprili

Dancan, rafiki yangu aliyehamia Bungoma, ametuma salamu. Ati kule barabara ni lami na tambarare, wateja ni wengi, na kuna baiskeli imekaa bure inangoja mguu wangu. Bungoma, ngojeni. Mfalme bado amefungwa plasta.

Jumanne, 3 Mei

Leo alikuja mtu sikutaka. Mbogo mwenyewe. Aliacha pikapu barabarani, akaja kwa miguu akiruka matope, viatu vinameta. Alisimama dirishani akaweka kilo ya sukari.

"Ya mgonjwa?" nikauliza.

"Ya mama yako. Mwambie asante."

"Asante ya nini?"

Akacheka bila sauti. "Kijana, wewe umenibebea mtungi mara ngapi? Wateja wangu walikuwa vijana. Wazee hawakuwa wananitaka, wanasema chang'aa haina adabu, mtu anakunywa amesimama kama punda. Saa hii wazee wananijia wenyewe. Kwangu hakuna mrija, kuna glasi tu. Mtu anameza, anapanguza mdomo, anaenda. Nimeleta ingine mpya kutoka Kitale, kali sana, hata sijui wanaweka nini."

Akaenda. Sukari ikabaki hapo. Nimeiangalia mchana wote na sijaonja. Mimi, ambaye nikiona sukari mkono unajiendea.

Alhamisi, 5 Mei

Nilijitoa kitambaa kichwani katikati ya maombi nikawaambia. Kwamba busaa mzee anakaa nayo kutwa, anavuta kidogo, anapiga hadithi, jioni anarudi kwa miguu yake. Kwamba wamewatoa kwa chungu wakawasukuma kwa glasi. Niliwaonyesha sukari.

Halafu Mama Wacera, "Huyu si ndiye alikuwa anabeba hiyo chang'aa?"

"Ndiyo maana najua."

"Huyu si ndiye aliambia watu wa stejini ati alishindana na basi mpaka Kachibora akalishinda?"

Kina mama wakacheka. Ni kweli nilisema. Na nililishinda, liliharibika tairi.

"Mbogo anatuchonganisha kwa kutumia mtoto," Wacera akasema. "Anaona tunashinda."

Nilimwangalia mama. Mama ndiye hakucheka. Lakini alichukua kitambaa akanirudishia kichwani, polepole, kama mtu anafunika chakula.

Jumatano, 11 Mei

Mvua. Mguu unawasha mahali siwezi kufika. Nimetumia ncha ya mrija wa mtu, sitasema wa nani.

Jumanne, 17 Mei

Baba aliletwa saa kumi na vijana wawili. Walimtoa kwa mtaro karibu na kwa Mbogo.

Mimi baba yangu nimemwona amelewa busaa maisha yangu yote. Akilewa busaa anakuwa mzuri. Anaongea, anatuambia habari za simba aliyekaa mlimani wakati wa babu yake, anamsifu mama mpaka mama anatoka nje akijifanya anatafuta kuni. Huyu wa leo alikuwa mwingine. Macho mekundu, mate, na aliniuliza mimi ni nani.

"Ni Kimeli, baba."

"Kimeli wa nani?"

Mama alimvua viatu. Nilingoja aseme kitu. Alisema tu, "Jerono, lete maji." Nilikuwa nimejiandaa kumwambia "si niliwaambia." Nilikuwa nimeipanga vizuri kabisa. Haikutoka.

Jumanne, 24 Mei

Nitaandika yote. Taa ya chemli ina mafuta kidogo kwa hivyo nitaandika haraka kabla ya giza.

Asubuhi kina mama walienda Kitale kumwona DC, mkuu wa wilaya, juu ya Mbogo. Mama alivaa kitambaa cheupe cha kichwa. Jerono alienda shule. Baba alikuwa zizini. Mvua ilikuwa ya kukata, mpaka barabara ilikuwa haionekani.

Saa tano hivi, kofia ya sufu dirishani, na gunia la nailoni juu yake. Mzee Kwemoi.

"Mgonjwa wangu," akasema.

"Amelala. Leo hapokei wageni."

"Kimeli, leo sichezi. Boiyo amekuja. Rika langu, kutoka Kapsokwony. Tulitahiriwa siku moja, kisu kimoja. Amepitia mvua hii yote na mrija wake begani. Ameketi kwangu. Tunataka kwenda kwa Nakhungu tukae kidogo. Sasa yeye anywe, mimi nimwangalie mdomo?"

"Kwani yeye hawezi kunywa peke yake?"

"Hawezi. Hujui kitu wewe."

Mimi leo nilikuwa nimechoshwa. Wiki saba nimelala hapa. Nilitaka kucheka. Nikamwambia, "Imba."

"Niimbe nini?"

"Ule wimbo wenu wa kutoka jandoni. Ukiimba vizuri nitafikiria."

Aliniangalia kwanza kama nimerogwa. Halafu akaimba. Amesimama kwa matope, maji yanamwagika kutoka kwa gunia, mzee wa watu. Ana sauti ya chini, inatoka mbali. Mimi nilimpigia kijiko kwa plasta, ko ko ko. Aliimba mpaka mwisho, hakuruka mahali.

Nikasema, "Nimefikiria. Hapana."

Nilingoja acheke, kama kila siku. Alitoa mayai mawili ya kuchemsha mfukoni akayaweka dirishani. Labda alikuwa ameyabeba kwa ajili ya kunibembeleza, na sasa hakuona haja ya kurudi nayo.

"Basi tutaenda kwa Mbogo," akasema. "Kule hakuna anayeulizwa mrija."

Nikayala mayai.

Mchana baba aliingia, akachukua koti la mvua. Baba haagi, lakini nilijua. Kwa Mbogo ni kulia, kwa Nakhungu ni kushoto, na tangu Aprili hajageuka kushoto.

"Baba, mvua ni kubwa."

"Nimeona."

"Ngoja mama arudi."

Alikuwa anatafuta mkono wa koti na haupati, na hakuwa amekunywa. Nilimkumbuka akiniuliza mimi ni nani. Nikaanguka kutoka kitandani. Si kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo njia moja nilikuwa nayo ya kushuka. Nikajivuta kwa tumbo, nikafungua kamba kwa meno, nikautoa ule wa pete za waya.

"Shika," nikasema. "Enda kwa Nakhungu. Kushoto, baba. Usiende kulia."

Alinisaidia kwanza kurudi kitandani. Alininyanyua kama nilivyokuwa mdogo, na mimi ni mzito.

"Na mama yako?" akauliza.

"Mama ni wangu, nitajua mimi."

Alitoka na mrija chini ya koti. Niliinua shingo kwa dirisha mpaka ikauma. Aligeuka kushoto.

Sasa nangoja mama. Nimefunga ile mingine tena kwa kamba, lakini nimefunga vibaya.

Jumatano, 25 Mei

Boiyo amekufa. Na mwanaume mwingine wa kule chini, na mpishi wa shule. Walikunywa ile ya Kitale.

Kwemoi hajafa. Asubuhi aliuliza watu wa kwake kwa nini leo mvua imefunga giza hivi. Kulikuwa na jua. Ndiyo siku ya kwanza ya jua mwezi huu.

Wamempeleka hospitali Bungoma kwa pikapu ya mtu wa vitunguu.

Baba yuko. Alirudi jana jioni na mrija begani wazi wazi, hakuuficha, akaingia nao mlangoni mbele ya mama. Alisema habari ya simba kidogo, akalala. Mama alikuwa amesimama na kitambaa chake cheupe mkononi. Aliangalia mrija, akaangalia kamba chini ya kitanda, akaniangalia mimi. Ningependa angeuliza.

Alhamisi, 26 Mei

Walikuja wote. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyenifunika.

Mama alisimama. "Mrija wa nyumba yangu ulitoka Jumanne. Sheria mnaijua. Naacha kiti."

Mama Wacera akasema, "Mama Kimeli, keti. Ndiema yuko hai kwa sababu huo mrija ulitoka."

"Na Boiyo? Alikuwa na mrija wake. Sisi hatukumchukulia. Huo mrija umesimama saa hii mlangoni kwa Kwemoi, mkavu."

"Sisi hatukupika hiyo chang'aa."

"Hatukupika. Tuliwaonyesha njia. Kijana alituambia hapa hapa." Akanionyesha kwa kidole bila kuniangalia. "Mimi ndiye nilimfunika."

Hapo ningenyamaza ningetoka shujaa. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kina mama wote walikuwa wananiangalia kama mtu aliyesema ukweli. Nilikuwa nimeota siku kama hiyo. Na nikaona siwezi kukaa ndani yake.

Nikasema, "Kwemoi alikuja pia. Asubuhi. Kabla ya baba. Aliomba."

Wacera akauliza, "Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia aimbe."

Nilisikia tu mabati yakitoa sauti ya jua.

"Akaimba?" mama akauliza.

"Akaimba wote."

"Halafu?"

"Nikakataa."

Mama alikaa chini. Alikaa kwa kile kiti cha mwenyekiti kwa sababu ndicho kilikuwa karibu, halafu akakumbuka, akainuka, akaenda kukaa kwa benchi pamoja na wengine.

Jumanne, 31 Mei

Mvua. Mama ananiletea chakula na haniambii kitu. Jerono ndiye ananiongelesha. Ameniuliza kama kweli nilimpigia kijiko. Nimemwambia aende akafanye hesabu.

Jumanne, 7 Juni

Kina mama wamezuia barabara. Mbogo alijificha Kachibora, lakini pikapu yake ilikuja alfajiri na mitungi mingine, dereva wake akidhani watu wako msibani. Walikaa kwa matope pale njia panda, mstari mmoja, wameshikana mikono. Mwenyekiti sasa ni Wacera, lakini dereva alipowasha gari kutisha, aliyelala mbele ya tairi ni mama. Nilisikia honi kutoka kitandani. Ililia sana, halafu ikanyamaza, na mimi sikujua imenyamaza kwa nini. Nilishika kitanda kwa mikono yote miwili. Siwezi kutembea, siwezi kuona, na mama yangu yuko mbele ya gari.

Ilinyamaza kwa sababu Nakhungu alifika na panga akasimama upande wa dereva. Yeye si mwanachama. Wengi wao hawajamsalimia miaka. Alimwambia dereva kwa lafudhi yake, "Chima hiyo gali, mwanangu, tuongee pole pole." Wakamwaga mitungi yote kwa mtaro. Jerono anasema nyasi za hapo zimeungua.

Mama alirudi, mgongo wote matope. Nikamwambia, "Mama, umelala mbele ya gari kama mimi ninavyoshuka Chwele, bila breki." Alikaribia kucheka. Nimeona. Akageukia sufuria.

Jumatano, 15 Juni

Plasta imetolewa. Mguu umetoka mwembamba na mweupe, una harufu, kama wa mtu mwingine aliyekuwa amefichwa humo. Nimerudi nikitembelea gongo.

Dancan ametuma tena. Baiskeli bado iko, lakini kuna mwingine anaitaka, nifike kabla mwezi uishe.

Mama amesikia. Akasema, "Utaenda. Kwanza Kwemoi amerudi."

Alhamisi, 23 Juni

Tulipanda kwa Kwemoi, mimi, mama na baba. Mimi ndiye nilibeba mrija wake, na mtu wa gongo akibeba kitu kirefu hivyo anagonga kila mti. Baba hakunisaidia. Nadhani waliongea nyumbani asinisaidie.

Kwemoi alikuwa ameketi chini ya paa, kofia ile ile, kuku miguuni. Macho yake yako wazi. Hayo ndiyo sikuwa nimejiandaa nayo. Nilidhani atakuwa ameyafunga.

"Kuna watu," akasema.

"Tuko, mzee," baba akasema.

"Ndiema. Na mama. Na mtu wa gongo."

Nikamwekea mrija magotini. Vidole vyake vikatembea polepole mpaka kwa shanga.

"Moja imetoka."

"Ilikuwa imetoka kabla, mzee."

"Najua. Nilikuwa nakupima." Akauliza, "Nani ameniletea?"

"Ni mimi."

"Mimi ni wengi."

"Kimeli."

"Ah," akasema. "Imba."

Nilimwangalia mama. Mama aliangalia kuku. Baba aliangalia jembe la watu.

Nikaimba. Ule ule. Najua nusu, nusu ingine nilibahatisha, na kila mahali nilipokosea alinikatiza, akasema neno lenyewe, nikarudia. Ilichukua muda mrefu kushinda wa kwake. Hakuna aliyenipigia kijiko.

Nilipomaliza akasema, "Nimefikiria."

Nikangoja ile hapana. Nilikuwa naitaka. Ningeibeba mpaka Bungoma nikijua tumelipana. Lakini alilaza mrija ukavuka magoti yake, akaupima urefu kwa mikono, akasukuma ncha moja mpaka ikanigusa kifua.

"Shika huko," akasema. "Wajukuu wako shule. Na mtu wa gongo hakimbii, mwendo wako utanifaa."

Mama akasema, "Mzee, alikuwa anaenda Bungoma."

"Si ataenda," Kwemoi akasema. "Mpaka mahali mrija huu unafika."

Alhamisi, 30 Juni

Baiskeli imepewa mwingine.

Kila asubuhi napanda kwa Kwemoi. Nashika ncha, yeye anashika upande wa shanga, tunatoka. Hapa ni jiwe, nasema. Hapa ni maji. Hapa ni Mama fulani anakuangalia amekunja uso. Yeye ananiambia natembea kama bata aliyelipwa nusu. Watu stejini walituchungulia siku mbili tatu, vijana wakaniita Askari Jela. Niliwajibu vizuri, lakini kujibu ukiwa umeshika kijiti cha mzee haina ladha ile.

Leo tulifika njia panda tukirudi. Ukirudi hivi, kushoto ni kwa Mbogo, mlango umepigwa misumari. Kulia ni kwa Nakhungu. Mbele ni kwetu.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

"Alhamisi."

"Kina mama wamekaa?"

"Wamekaa. Wanagombana kama mirija iliyobaki irudishwe. Mama anasema irudi, Wacera anasema bado. Nakhungu amealikwa, ameketi karibu na mlango."

"Kuna mwanaume ameingia?"

"Hakuna ameingia. Wataingia kufanya nini?"

Alisimama. Nilisikia moshi wa chungu ukitoka kulia, yeye pia aliusikia, pua yake iligeuka. Mimi niligeukia upande mwingine bila kujua, barabara ya kushuka, ile inapita Chwele ikaenda Bungoma. Kulikuwa na kijana anashuka na baiskeli, ameachilia breki, shati limejaa upepo. Anashuka vibaya. Mimi ningekata ile kona kwa ndani.

Mrija ukavutwa.

"Umelegeza," Kwemoi akasema.

"Sijalegeza, mzee."

"Basi twende mbele. Nataka kuwaambia kitu. Na ukifika mlangoni useme mapema, kuna ngazi."

"Kuna ngazi moja."

"Najua iko moja. Sema tu."

Nikasema.